Kofia ya Marehemu Ndani ya Chombo cha Angani

Bi Epifania, shikamoo, na pole na kazi ya kusomeshwa matatizo ya watu usiowajua. Naomba unisaidie, ila tafadhali usinionee huruma mapema, maana sikuandikii nikiwa nalia, nimekaa mezani na chai yangu, nimejaribu kuyapanga mambo haya kama ninavyopanga kazi zangu, na kila nikiyapanga yanarudi pale pale.

Mimi ni mwanamke wa Wingwi, sijaolewa, na kazi yangu ni ubunifu wa mandhari ya filamu. Najua wasomaji wako watauliza hiyo ni kazi gani, hata mama yangu majirani wakimwuliza huwajibu kuwa mwanawe ni fundi rangi, na mimi humwachia hivyo hivyo kwa sababu si uongo sana. Mwigizaji anaposimama mbele ya kamera, kila unachokiona nyuma yake na chini yake na mkononi mwake, kuanzia ukuta mpaka kikombe cha chai, nimekiamua mimi, na kama hakipo duniani basi nimekitengeneza. Nilianza Chake Chake kwa kupamba majukwaa ya maharusi, vitambaa na taa na maua ya plastiki, kisha nikaenda Dar es Salaam kusoma sanaa, nikafanya matangazo ya sabuni na ya unga wa ngano, nikawa msaidizi wa wasaidizi kwa muda mrefu kiasi cha kusahauliwa jina, mpaka hatimaye nikapewa filamu nzima niibebe mwenyewe, na si filamu ya mapenzi wala ya majini, ni filamu ya mambo ya angani, watu wa visiwa vyetu katika zama zijazo wanamtuma mtu mmoja peke yake aende sayari nyingine, na safari yenyewe ni ya miaka.

Filamu ya namna hii ina taabu yake. Kituo cha polisi kila mtu amekiona, lakini chombo cha angani hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kukaa ndani yake, kwa hiyo mtazamaji hana cha kulinganishia, anatazama jambo moja tu, kama humu ndani kweli anaishi mtu. Kikiwa kipya hakiaminiki. Tulipewa ghala moja kuukuu kule Wesha, nikajenga kuta kwa mabati na trei za mayai zilizopakwa rangi ya chuma, nikakata tangi la maji la plastiki likawa mlango wa duara, nikafungua mafriji mabovu nikatoa matumbo yake yakawa mitambo, halafu nikayachubua yote, nikayatia masizi na mafuta ya mikono ya watu, na kwa kuwa ghala lile liliwahi kuwekwa karafuu, waigizaji wakawa wanatoka angani wananukia karafuu. Mwongozaji, kijana wa Mwanza anaitwa Derick, aliingia akazunguka, akasema kila mahali pamekaa sawa isipokuwa chumba anacholala msafiri, kile bado ni duka.

Katikati ya ujenzi huo baba yangu, Mzee Mmanga, alifariki. Alizikwa siku ile ile kabla ya alasiri, watu walikuja wengi, hitima ilisomwa, chakula kilitosha. Mama akaingia eda. Mimi nikawa nashinda Wesha na kulala Wingwi, nikifika naingia chumbani kwake, namkuta amekaa juu ya msala kwa nguo nyeupe, kioo kimefunikwa kanga, pazia limeshushwa, redio ambayo baba hakuwahi kuizima sasa imezimwa, kikombe kimoja, sahani moja, dirisha dogo ambalo mwanga wake unaingia kama umeomba ruhusa, na ukutani juu ya kitanda, kwenye msumari, kofia ya baba. Na macho yangu, Bi Epifania, hayana likizo. Nilikuwa nimekaa pale kumliwaza mama na papo hapo nikaona kile nilichokuwa nakitafuta Wesha na kukikosa, chumba cha mtu mmoja aliye safarini bila kutoka mlangoni. Siku ya pili yake nilikuja na tepu nikapima dirisha. Mama akaniuliza, "Wapima nini weye?" Nikamwambia nataka kumshonea pazia jipya. Akaishika ncha ya tepu nisipate tabu.

Nikakijenga. Kitanda kile kile, dirisha lile lile ila nje yake ni nyota, kioo kimefunikwa kitambaa, kikombe kimoja. Derick alipoingia alikaa kitandani, halafu akaniuliza nimekitoa wapi, nikamwambia nimekibuni. Tukaweka na kofia ukutani, tukakubaliana kuwa msafiri amekwenda na kofia ya marehemu baba yake, haikuwamo katika hadithi lakini ilipoingia ilionekana kama ilikuwamo siku zote. Abeli, mwigizaji wetu, akawa analala mle, anaamka mle, anaongea na kofia ile kama mtu.

Sasa nikueleze kuhusu kofia, maana hapo ndipo penye tatizo langu. Ni kofia ya viua, ya kushonwa kwa mkono, Mama aliishona mwenyewe mwaka alioolewa, na baba aliivaa kila Ijumaa na kila Idi mpaka ukingo wake wa ndani ukawa rangi ya samli. Mimi nilinunua nyingine Chake Chake yenye nakshi inayofanana, ndogo kidogo kwa sababu ilikuwa ya kutundikwa tu na si ya kuvaliwa, nikaichovya chai, nikaitia maji ya manjano, nikaisugua ukingo kwa mafuta ya nazi na vumbi, na kwa mbali ilikuwa kofia ya baba kabisa. Lakini Derick alitaka kamera iikaribie taratibu mpaka ijae kioo chote cha kamera. Ilipojaa kioo ikawa kitambaa kilichochovywa chai. Tulirudia na kurudia. Basi asubuhi moja Mama alipokwenda kutawadha nikaitungua ya kwake msumarini nikatundika ya kwangu, na mchana huo huo Derick akapata picha yake, na kila mtu ghalani akanyamaza, hata wabeba taa.

Nilikusudia kuirudisha jioni ile ile. Kukawa na picha nyingine kesho yake, halafu nyingine, kisha nikaumwa homa, na nilipopona vitu vya seti vilikuwa vimeshafungwa kwenye makasha na kupelekwa Dar es Salaam, kila kitu katika mfuko wake wa plastiki na namba yake, ndivyo tunavyofanya, kwa sababu kukitakiwa picha za nyongeza kila kitu lazima kiwe kile kile, hata vumbi lake. Nilimpigia Derick nikamdokeza kwamba kofia naihitaji. Akasema, "Dada, kofia ile ndiyo filamu yenyewe. Nataka kuirudia ile picha ya karibu, ikitoka hapa sina kitu." Picha hizo za nyongeza zitafanyika baada ya Mfunguo Pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani. Na ni huyo huyo Derick aliyenipendekeza kwa watu wa Nairobi wanaotaka kutengeneza filamu kubwa ya angani, wameona picha za kile chumba, wananitaka niwe mkuu wa ubunifu wao. Katika kazi yetu, mtu anayeng'oa kitu kwenye seti kabla kazi haijaisha haitwi tena.

Upande wa nyumbani hali ni hii. Mama katika eda yake alikuwa na desturi, mimi sikuijua mpaka baadaye, kila baada ya sala ya alfajiri anaitungua kofia, anainusa, anairudisha. Asubuhi iliyofuata baada ya mimi kubadilisha alinambia, "Nahla mwanangu, harufu ya baba yako imenihama. Jana ilikuwapo, leo sina." Nikamwambia ni kawaida, harufu huondoka, na udi wa hitima nao umechangia. Halafu akasema, "Labda nliteleza mahala. Siku ile alipokuja shangazi yako nlicheka, nkajisahau." Nikamwambia asiwaze hayo. Baada ya hapo hakuitungua tena.

Eda imekwisha. Nguo za baba zimegaiwa sadaka, na Mama ametuita mimi na kaka yangu Othman akasema kofia haigaiwi, atapewa Othman aivae siku ya ndoa yake, na ndoa ni hiyo Mfunguo Pili. "Kichwa chenu ni kimoja, wewe na babako," alimwambia, "utaitia tu, itakaa." Othman alicheka lakini nilimwona amefurahi sana. Nikasema basi nipeni niifue na kuitia wanga ipendeze. Mama akasema, "Usiifue. Iache vivyo hivyo." Ile ya kwangu iko kabatini mwake imefungwa ndani ya kitambaa, na kichwani kwa Othman itakaa juu juu kama kifuniko cha birika, mbele ya shehe na wakwe.

Nimefikiria njia nyingi nimebaki na moja. Nitengeneze nyingine, safari hii kwa kipimo cha kichwa cha Othman, nimpe mshonaji hodari, niizeeshe kwa uangalifu ambao mara ya kwanza sikuwa na muda nao, nina picha za karibu za ile ya kweli, doa kwa doa, halafu nibadilishe tena kabatini. Kitambaa nimeshakata. Othman ataivaa, Mama ataona inamkaa, Derick atamaliza kazi yake, na baada ya hapo ya kweli nitaipata nirudishe kimya kimya. Swali langu kwako, Bi Epifania, na naliuliza kikazi, bila ubishi. Nikiitengeneza vizuri kiasi ambacho hakuna atakayetambua, nitakuwa nimemdhulumu nani?

Ni mimi,
Nahla, Wingwi.

*

Nahla, marahaba.

Kwanza niwatoe wasomaji wasiwasi. Majina yote na mji nimeyabadilisha mimi, hata yaliyo ndani ya maneno ya watu, kwa sababu wewe uliyeogopa mama yako asije akajua, umemwandikia mwenye safu ya gazeti ukataja watu wote wa nyumbani, rangi ya ukingo wa kofia na siku ya ndoa. Ningeichapa ilivyo, shangazi yako angemsomea mama yako kabla ya adhuhuri. Ndipo nikajua kuna sehemu yako inayotaka kukamatwa. Mimi sitakukamata. Nitakusema tu.

Umeniuliza utakuwa umemdhulumu nani. Jamani! Umeniuliza kikazi, nami nitakujibu kikazi. Kazi yako ni nzuri na ni ya halali. Wanaosema kujenga vyombo vya angani kwa trei za mayai ni upuuzi, waache, wao wenyewe wataingia kutazama. Lakini mtu anayekwenda kutazama filamu ameshakubali kudanganywa. Amekaa, ametulia, amesema haya nidanganye tuone. Mama yako hakukubali. Alikuwa chumbani mwake na msiba wake, wewe ukamtundikia ukutani kitu cha uongo, na alipohisi kuna kitu kimepotea ukamwambia ni kawaida. Huo si ubunifu wa mandhari, mwanangu. Ubunifu wa mandhari ni ule wa Wesha.

Sasa soma tena maneno aliyokwambia. Nimeyasoma mara nyingi mimi mtu wa kupita, na kila nikiyasoma moyo unaniuma. "Labda nliteleza mahala." Mjane anakaa eda yake kwa adabu zake zote, anabakiwa na kitu kimoja chenye harufu ya mumewe, asubuhi moja anaamka harufu haipo, na yeye anakwenda kutafuta kosa ndani ya nafsi yake. Anakumbuka alicheka. Siku moja ndani ya miezi ile yote alicheka na wifi yake, na sasa anaamini kicheko kile ndicho kilichomfukuza mumewe. Na wewe ulikuwepo, ulijua kofia iko kwenye mfuko wa plastiki wenye namba, ukamwambia asiwaze hayo! Uliogopa nini kiasi hicho? Nairobi?

Basi. Kukukaripia nimemaliza, sasa nisikilize.

Kofia ya tatu usiishone. Hicho kitambaa ulichokata kishone foronya. Unasema utaibadilisha mara moja zaidi, halafu utairudisha ya kweli kimya kimya. Binti, kila mara uliposema "nitairudisha" umeibadilisha tena. Ukifanya hivyo, kaka yako ataozwa akiwa amevaa kitu ambacho mama yenu hakukishona na baba yenu hakukivaa, na siku moja, awe mjukuu au nondo au wewe mwenyewe ukiwa na homa nyingine, itajulikana. Na hapo hutakuwa na mtu wa kumwomba radhi, kwa sababu mama yako ni mtu mzima na umri hausubiri.

Nenda kwa mama yako kabla ya kumpigia Derick, kabla ya kuipata kofia. Najua unataka kwenda ukiwa nayo mkononi, useme kosa na papo hapo ulifute. Usifanye hivyo, maana kila siku unayongoja ni siku nyingine anayojilaumu kwa kicheko chake. Nenda mikono mitupu. Mwambie, Mama, ile iliyoko kabatini si ya baba, ya baba ninayo mimi, iko Dar es Salaam, niliichukua mimi bila ruhusa yako siku fulani, na harufu haikukuhama, niliihamisha mimi. Usianze na filamu. Usianze na kamera wala na Derick wala na jinsi chai inavyotia rangi. Mwambie hayo, halafu ufunge mdomo umwache aseme yeye.

Atakasirika, na ana haki. Huenda akakupiga na kanga. Lakini fikiria kidogo, wewe uliyezoea kufikiria mwanga unaingilia wapi. Wewe unadhani unampelekea habari mbaya, na mimi naona ni habari njema iliyochelewa. Mwanamke huyu anaamini mumewe amemhama kwa kosa lake, na wewe ndiye mtu pekee duniani unayeweza kumwambia si kweli. Unamnyima hiyo kwa ajili ya heshima yako kazini. Nenda ukamwambie.

Ukishatoka kwa mama, mpigie Derick, na safari hii usimdokeze. Mwambie kofia si mali ya filamu, hukuinunua, hukuiazima, uliichukua, na mwenyewe ameitaka. Picha ya karibu anayo na umesema ghala zima lilinyamaza, sasa anatafuta ya nini nyingine? Za mbali atatumia ile ya chai, iliyokuwa ikimtosha kabla. Na kama bado anaitaka sana, basi ajue ina mwenyewe. Mwenyewe ni mjane, yuko Wingwi, nyumba yake ina mlango. Apande boti, apige hodi, akaribishwe, aiombe kwa adabu. Huenda mama akampa. Wewe na Derick nyote wawili hamkumpa nafasi hata ya kukubali, mkadhani mtu wa shamba hawezi kuielewa kazi yenu. Mtu aliyekushikia ncha ya tepu bila kujua unapima nini, angeshindwa kukushikia akijua?

Derick akikasirika, akasirike. Akikunyima Nairobi, pole, lakini nitakwambia jambo moja. Wale watu hawakukutaka kwa sababu ya kofia. Wameona chumba. Chumba umekijenga wewe kwa mikono yako na mabati, na mikono hiyo bado unayo. Kama wanataka mbunifu asiyeweza kusema "hiki si changu", watampata, wako wengi.

Kuhusu chumba chenyewe, hapo nakwenda polepole. Mimi ni Mkatoliki niliyezaliwa Karagwe, nimekaa Chake Chake nusu ya maisha yangu nikifundisha watoto wenu hesabu, na eda sitafundisha mtu. Muulize shehe wenu. Ila kwa adabu ya kawaida, ile isiyohitaji kitabu, mama yako ana haki ya kujua kwamba chumba alichokalia msiba wake kimejengwa upya Wesha na mwigizaji wenu akalala humo mbele ya kamera. Hakuonekana yeye, ni kweli, wala sura yake wala sauti yake. Lakini majirani waliokwenda kumwona wanakijua kile kioo kilichofunikwa na kile kidirisha. Wakionyesha filamu hii hapa kisiwani, watamjua. Mweleze kabla. Akisema sawa, mpeleke akae mbele pamoja na wewe, na umwambie atazame kazi yako. Akisema hapana, basi hapa kisiwani isionyeshwe, ikaonyeshwe kwingine, na wewe ndiye utakayesimama kulisema hilo kwa wakubwa wa filamu, si Othman.

Na Othman naye aambiwe, na wewe, si na mtu mwingine. Msiba ulikuwa wake pia. Ukimwambia mapema atapiga kelele jioni moja. Akigundua mbele ya wakwe zake, itakuwa hadithi ya ukoo mpaka wajukuu.

Sasa jambo la mwisho, na hukuniuliza. Umeandika barua ndefu, umenieleza mambo mengi kwa ufundi mkubwa. Nimejua ukingo wa kofia una rangi gani, nimejua dirisha limekaaje, nimejua chakula cha msibani kilitosha. Kuhusu baba yako umenipa mstari mmoja: alifariki, alizikwa kabla ya alasiri. Sijui alikuwa mtu wa namna gani. Sijui alikuwa anakwita nani. Hujaniambia kama ulimlilia, na mwanzoni kabisa, kabla sijakuuliza lolote, ulinionya nisikuonee huruma. Nadhani ulipoingia kwenye kile chumba cha mama yako ulishindwa kukaa chini, ukashika tepu. Kupima ni rahisi kuliko kukaa. Sikulaumu hata kidogo, kila mtu ana namna yake. Lakini ukienda kwa mama yako siku hiyo, usiharakishe kuondoka. Gari la Chake likupite. Kaa naye mpaka mmoja wenu aanze kumzungumza marehemu, na wewe umwache mtoto aliye ndani yako alie.

Mume wangu alipofariki nilikuwa mgeni hapa, sikuwa na ndugu hata mmoja upande huu wa bahari. Nilidhani nitazika peke yangu. Majirani zangu waliingia mmoja mmoja, watu ambao baadhi yao sijawahi hata kuwaomba chumvi, kila mmoja akanishika mkono akanambia neno moja ambalo kwetu Karagwe sikuwahi kulisikia, akakaa chini. Nilielewa bila kutafsiriwa. Katika hekaheka zako zote, kati ya Wesha na Wingwi, kati ya ghala na chumba cha mama, naogopa watu walimwambia mama yako na kaka yako, na wewe uliyekuwa na rangi mikononi wakakupita. Basi nakwambia mimi, na nimechelewa, unisamehe.

Makiwa, mwanangu.